Ndoto ya Mtoto wa Becchi: Maisha ya Mtakatifu Yohane Bosco

Kila mtu huota ndoto, lakini walio wengi huamka mikono mitupu. Usiku ndoto ilikuwa wazi kama mchana. Kisha jogoo anawika, mtu anafungua macho, anafikiri juu ya jembe lake na kuni zake, na ndoto imekwisha kutoweka kama umande juani. Wengine huikumbuka, lakini huikumbuka kwa hofu. Kabla hawajanawa uso wanakimbia kwa mfumu, ili awaambie ni mzimu wa nani unaowadai kuku, au ni jirani yupi anayewaloga. Wengine tena hucheka, kwa maana ndoto kwao ni upepo mtupu.

Mtakatifu Yohane Bosco alishika njia nyingine. Alijifunza kutunza ndoto zake bila kuziogopa, na bila kuzifanya kuwa bwana wake. Ndoto moja aliyoiota akiwa mtoto aliichukua moyoni muda wa miaka zaidi ya 60, na maana yake kamili aliiona akiwa mzee aliyekaribia kufa. Haya ndiyo maisha yake.

Mtoto asiye na baba

Yohane, ambaye katika lugha ya kwao jina lake ni Giovanni, alizaliwa tarehe 16 ya mwezi wa 8, mwaka 1815, katika kijiji kidogo cha Becchi, karibu na Castelnuovo, katika nchi ya Piemonte, upande wa kaskazini wa Italia. Baba yake Francesco alikuwa mkulima. Mwaka 1817 alirudi siku moja kutoka kazini huku jasho likimtiririka, akaingia katika ghala la chini penye baridi kali, akashikwa na ugonjwa wa mapafu, akafa baada ya siku chache. Yohane alikuwa hajatimiza miaka miwili.

Nyumbani wakabaki mama yake, Margherita. Bibi yake, yaani mama mzaa baba, ambaye hakuweza tena kufanya kazi. Ndugu yake Giuseppe. Na Antonio, ndugu yake mkubwa kwa baba, aliyezaliwa na mke wa kwanza. Mama Margherita hakujua kusoma wala kuandika, lakini alijua sala na katekisimu, naye aliwafundisha watoto wake mwenyewe. Miaka ile mvua ilikosekana, njaa ikaingia nchini, na mama huyo mjane alitafuta chakula kwa shida nyingi.

Usiku wa wanyama na wana-kondoo

Alipokuwa na umri wa miaka kama 9, Yohane aliota ndoto. Alijiona yupo karibu na nyumba yao, katika uwanja mpana, na kundi kubwa la watoto linacheza humo. Wengine walicheka, na wengi walitukana na kulikufuru jina la Mungu. Yohane hakuvumilia. Aliruka katikati yao, akawapiga ngumi na kuwafokea wanyamaze.

Hapo akatokea mtu mwenye heshima, amevaa nguo nyeupe, na uso wake uling'aa hata mtoto hakuweza kuutazama. Mtu huyo alimwita kwa jina lake, akamwagiza awe kiongozi wa watoto wale, akamwambia kwamba hatawapata kwa mapigo, bali kwa upole na mapendo. Na kwamba aanze mara kuwafundisha ubaya wa dhambi na uzuri wa fadhila. Yohane aliogopa, akajibu kwamba yeye ni mtoto maskini asiyejua kitu. Yule mtu akamwahidi Mwalimu wa kike atakayemfundisha hekima.

Ndipo akamwona Bibi mwenye joho linalometameta kama nyota. Bibi akamshika mkono kwa wema, akamwonyesha uwanja. Watoto walikuwa wametoweka. Mahali pao palijaa mbuzi, mbwa, paka, dubu na wanyama wengine wengi. Bibi akamweleza kwamba hilo ndilo shamba lake la kazi, na kwamba yampasa kuwa mnyenyekevu, hodari na mwenye nguvu. Yohane alipotazama tena, wanyama wakali wamegeuka kuwa wana-kondoo wapole, wanarukaruka na kulia kwa furaha. Mtoto akaanza kutoa machozi, kwa maana hakuelewa neno lolote. Bibi akaweka mkono juu ya kichwa chake, akamwambia kwamba kwa wakati wake ataelewa yote. Yohane akaamka. Mikono ilimuuma kana kwamba kweli amepiga watu, na uso ulimuuma kwa makofi aliyoyapata katika ndoto.

Baraza la asubuhi

Asubuhi Yohane hakukaa na ndoto hiyo peke yake. Aliisimulia mara ileile, kwanza kwa ndugu zake, kisha kwa mama na bibi. Giuseppe alisema kwamba Yohane atakuwa mchungaji wa mbuzi na kondoo. Antonio, ambaye hakumpenda sana, alisema kwa ukali kwamba labda atakuwa mkubwa wa wanyang'anyi. Mama Margherita aliwaza kidogo, akasema kwamba labda siku moja atakuwa padri. Mwisho akasema bibi, ambaye hakujua kusoma lakini aliyajua vema mambo ya dini, naye akakata shauri: haifai kusadiki ndoto.

Yohane aliona kwamba bibi amesema kweli, akakubaliana naye. Hata hivyo ndoto ile haikumtoka akilini. Hivyo tangu asubuhi ile alikuwa na mambo mawili pamoja: kumbukumbu ya ndoto na onyo la bibi. Mtu mwenye ndoto bila onyo hupotea kwa urahisi, naye mwenye onyo bila kumbukumbu huenda akaacha neno jema lianguke chini. Yohane aliyashika yote mawili.

Yafaa kutazama namna alivyoitunza. Aliisimulia kabla ya kazi za siku, picha zake zingali mbichi, tena aliisimulia kwa mpango, tangu mwanzo hata mwisho. Wataalamu wanaochunguza usingizi siku hizi wanafundisha jambo hilohilo. Mwaka 1953, katika mji wa Chicago huko Marekani, waligunduliwa wakati wa usingizi ambapo macho ya mtu aliyelala hutembea mbio chini ya kope zake. Anayeamshwa wakati huo mara nyingi huweza kueleza ndoto yake. Anayeamshwa katika usingizi wa namna nyingine mara nyingi hana la kusema. Ndoto isiyorudiwa mara baada ya kuamka hufutika upesi sana. Lakini mtu akitulia kitandani mwake, akaipitia tangu mwanzo, kisha akaisimulia au kuiandika, huweza kuikumbuka siku nyingi. Mtoto wa Becchi alifanya hivyo bila kufundishwa na mtu.

Akili iliyozoezwa

Mungu alimpa Yohane akili inayoshika mambo, naye hakuiacha ilale. Siku za Jumapili aliwakusanya watoto wa kijiji mbugani, akatembea juu ya kamba na kufanya michezo mingine aliyojifunza kwa kuwatazama wachezaji wa sokoni. Lakini kabla ya kuwafurahisha aliwataka wasali pamoja naye, kisha akawarudilia mahubiri ya padri aliyoyasikia kanisani asubuhi. Aliyachukua kichwani toka kanisani hata mbugani, kama mwanamke anavyochukua mtungi wa maji pasipo kumwaga.

Alitamani kusoma, lakini Antonio alimpinga, akisema kwamba mkulima hana haja ya vitabu. Ugomvi ulizidi nyumbani, hata mwezi wa 2, mwaka 1827, mama yake akalazimika kumpeleka mbali akatumike. Yohane, mwenye miaka 11, akawa mtumishi wa zizi katika shamba la jamaa ya Moglia, akakaa huko muda mrefu. Kama angehesabu kwa akili ya kibinadamu, angesema kwamba ndoto imekufa.

Mwaka 1829 alirudi nyumbani. Jioni moja watu walikuwa wakirudi kutoka mahubiri katika parokia ya jirani, na padri mmoja mzee, Don Calosso, akamwona mtoto mdogo anatembea peke yake. Padri alimwuliza, kwa kumjaribu, kama ameelewa mahubiri, akamwahidi senti chache akiweza kurudilia maneno manne tu. Yohane akamwuliza anataka mahubiri ya kwanza au ya pili, kisha akayasema kwa mpango wake, sehemu kwa sehemu, huku watu wakisikiliza kwa mshangao. Don Calosso akaamua kumfundisha Kilatini. Mzee huyo alikufa mwezi wa 11, mwaka 1830, na Yohane akalia sana. Lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguka.

Mwaka 1831 alikwenda shule katika mji wa Chieri, akilipa chakula na malazi kwa kazi za mikono yake. Siku moja alisahau kitabu cha somo nyumbani. Mwalimu alipomwita asome, Yohane alifungua kitabu kingine mbele ya macho yake, akaanza kusema somo lote la Kilatini bila kukosea. Wenzake wakacheka, na mwalimu, alipojua sababu, akamsamehe kwa ajili ya akili yake njema.

Kuogopa kudanganyika

Huko Chieri ndoto ya utoto ilimrudia mara nyingi, tena kwa wazi zaidi. Yohane akaingia katika mashaka. Kama angeisadiki, ingempasa kuwa padri. Lakini alikumbuka onyo la bibi yake, hakutaka kuamua maisha yake kwa sababu ya mambo ya usingizini. Tena alijiona hana fadhila zinazotakiwa.

Aliwaza kwamba labda afadhali aingie utawa wa Mtakatifu Fransisko, nao Wafransisko wakamkubali mwezi wa 4, mwaka 1834. Siku chache kabla ya kwenda, aliota watawa wengi wamevaa kanzu zilizochanika, wanakimbia huku na huku wakipingana, na mmoja wao akamwambia kwamba hapo hatapata amani, maana Mungu amemtayarishia mahali pengine. Yohane hakukimbilia kuitii ndoto hiyo. Alimweleza padri wake wa ungamo, lakini padri hakutaka kusikia habari za ndoto wala za watawa. Ndipo akaomba mashauri kwa wengine. Yeye na rafiki yake Luigi Comollo walisali pamoja, wakapokea Komunyo, na mjomba wa Comollo, aliyekuwa padri, akamwandikia kwamba aingie seminari, aendelee kusali na kutazama mapenzi ya Mungu. Hapo tu Yohane akaamua.

Kwa hiyo ndoto haikumweka katika seminari peke yake. Ilimwamsha, ikamfanya aulize. Lakini njia aliionyeshwa kwa sala, kwa Sakramenti, na kwa maneno ya watu wenye hekima. Aliingia seminari ya Chieri mwezi wa 10, mwaka 1835, akapewa daraja ya upadri mjini Torino tarehe 5 ya mwezi wa 6, mwaka 1841. Tangu siku hiyo watu walimwita Don Bosco, kama mapadri wanavyoitwa katika nchi ile.

Fimbo ya sakristani

Siku ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, tarehe 8 ya mwezi wa 12, mwaka huohuo, Don Bosco alikuwa katika sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Assisi mjini Torino, akijiandaa kusoma Misa. Kijana mmoja, jina lake Bartolomeo Garelli, mwenye miaka 16, fundi wa kujenga kuta, yatima wa baba na mama, alisimama pembeni akitazama tu. Sakristani alimtaka atumikie Misa. Kijana aliposema kwamba hajui, sakristani akashika fimbo, akampiga na kumfukuza.

Don Bosco akapaza sauti kumkataza, akaamuru kijana aitwe tena, kwa kuwa ni rafiki yake. Baada ya Misa akazungumza naye kwa upole, akamfundisha ishara ya msalaba, ambayo hakuijua, akasali naye Salamu Maria, akamwalika arudi Jumapili na wenzake. Usiku ule wa Becchi Yohane alikuwa amepiga ngumi, akaambiwa aziache. Sasa mbele ya macho yake mtu mwingine alipiga, naye akajua la kufanya. Ndivyo ndoto ilivyoanza kutimia.

Vijana waliongezeka, makumi kwa makumi, halafu mamia: waashi, wafagia dohani, wasio na kazi, waliotoka gerezani. Don Bosco aliita mkutano huo Oratorio, ndiyo kusema mahali pa sala, lakini palikuwa pia mahali pa michezo na masomo. Hakuwa na nyumba. Kila alipokwenda walimfukuza kwa ajili ya makelele. Mwezi wa 10, mwaka 1844, usiku mmoja kabla ya kuwaambia vijana kwamba wahame tena, aliota kundi la wanyama wa kila namna. Bibi mmoja, mwenye mavazi ya mchungaji, akamwashiria amfuate. Walisimama mara tatu njiani, na kila waliposimama wanyama wengi waligeuka wana-kondoo. Mwisho aliona uwanja mpana, na kanisa kubwa refu.

Don Bosco aliyasema hayo mbele ya marafiki zake kana kwamba anayaona: kanisa, nyumba, uwanja, mapadri na mafundi wa kumsaidia. Lakini mkononi hakuwa na kitu. Wengi wakadhani akili yake imepotea. Katika mwaka 1846 mapadri wawili walimjia na gari la farasi, wakamkaribisha wakatembee pamoja. Kumbe walitaka kumpeleka katika hospitali ya wenye wazimu. Don Bosco akatambua. Akawaomba kwa heshima waingie wao kwanza, kisha akafunga mlango, akamwamuru mwendeshaji aende mbio. Farasi wakakimbia mpaka hospitali, na mapadri hao wakapata taabu kueleza kwamba wagonjwa si wao.

Siku ya Pasaka ya mwaka huo, tarehe 12 ya mwezi wa 4, vijana wakapata makao, banda dogo la mtu aitwaye Pinardi, katika mtaa wa Valdocco. Mwezi wa 11 Mama Margherita aliacha kijiji chake, akaja kuwa mama wa watoto hao maskini mpaka kufa kwake mwaka 1856. Mahali hapohapo kanisa kubwa la Maria Msaada wa Wakristo lilibarikiwa tarehe 9 ya mwezi wa 6, mwaka 1868.

Namna alivyozitumia ndoto

Ndoto ziliendelea kumjia Don Bosco katika maisha yake yote, nazo zilizoandikwa zinapita mia. Mwanzoni alisitasita. Alimwendea Don Giuseppe Cafasso, padri mwalimu wake na kiongozi wa roho yake, ambaye Eklesia imemtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1947. Don Cafasso alipima matunda yake, akaona kwamba zinaongoza roho za watu kwenye wema, akamwambia aendelee bila kusumbuka.

Jioni, baada ya sala, Don Bosco alikuwa na desturi ya kusema maneno machache kwa vijana kabla hawajalala. Mara kwa mara alisema kwa ndoto. Tarehe 20 ya mwezi wa 8, mwaka 1862, aliwasimulia kwamba ameota nyoka mkubwa wa kutisha, urefu wake meta 7 au 8. Mtu mmoja alimpa ncha ya kamba, wakamnasa nyoka kwa kamba hiyo, wakazifunga ncha zake, nyoka akajipigapiga mpaka akafa. Kamba ikatiwa katika sanduku. Lilipofunguliwa, kamba ilikuwa imejipanga kuandika jina la sala ya Salamu Maria. Vijana wakaelewa mara moja silaha ya kumshinda Shetani. Lakini Don Bosco aliwaonya mara nyingi kwamba waichukue ndoto kama ndoto, au kama mfano, na kwamba wachague ndani yake yale yanayofaa roho.

Wasaidizi wake waliandika maneno yake usiku uleule, ili yasipotee, naye mara nyingine aliyasoma na kuyasahihisha. Mwaka 1858, alipofika Roma mara ya kwanza, Papa Pio wa Tisa alimwuliza habari za mwanzo wa kazi yake. Don Bosco akamsimulia ndoto ya Becchi. Papa akamwagiza aiandike yote kwa urefu, kwa faida ya wana wake. Don Bosco alikawia, kwa wingi wa kazi na kwa kutopenda kujisifu. Mwaka 1867 Papa akamwuliza tena, na safari hii akamwamuru. Alianza kuandika mwaka 1873, karibu miaka 50 baada ya usiku ule, na mambo yote yalikuwa bado wazi mbele yake. Hakutaka maandiko hayo yatangazwe. Yalipigwa chapa kwa ajili ya watu wote mwaka 1946 tu.

Tena hakuwa mwepesi wa kufasiri. Kabla ya kuwatuma wamisionari, aliota nchi kubwa tambarare, yenye watu warefu waliovaa ngozi za wanyama. Waliwaua wamisionari wa kwanza, lakini wa pili, waliokuja kwa furaha na kundi la vijana, wakawapokea. Don Bosco hakujua ni nchi gani. Alidhani ni Ethiopia, kisha upande wa China, kisha Australia. Aliuliza watu, alisoma vitabu, na kila mara aliona kwamba hazifanani na alizoziona. Alipoitwa kupeleka watu Argentina, akasoma habari za Patagonia, ndipo akaitambua. Wamisionari wake wa kwanza waliondoka Torino tarehe 11 ya mwezi wa 11, mwaka 1875.

Mwezi wa 4, mwaka 1886, akiwa Barcelona katika Hispania, mzee na mgonjwa, aliota yupo tena juu ya kilima karibu na Becchi. Bibi yule wa utoto wake alimwonyesha mstari unaotoka Chile, unapita katikati ya Afrika, unafika Peking, na mahali pengi pa kazi juu ya mstari huo. Don Bosco hakuiona Afrika kwa macho yake. Mwaka 1911 wana wake, Wasalesiani, walifika Elisabethville, mji ambao leo unaitwa Lubumbashi, wakafungua shule.

Machozi ya Roma

Mwezi wa 5, mwaka 1887, Don Bosco alikwenda Roma kwa kubarikiwa kwa kanisa la Moyo Mtakatifu wa Yesu, alilolijenga kwa taabu kubwa kwa agizo la Papa. Tarehe 16 alisoma Misa katika altare ya Maria Msaada. Alianza, akasimama, akalia. Akaendelea, akalia tena. Mara karibu 15 machozi yalimkatiza, hata wasaidizi wake wakaogopa kwamba hataimaliza. Baadaye katibu wake akamwuliza sababu. Akaeleza kwamba mbele ya macho yake amemwona tena yule mtoto wa miaka 9, na kwamba amesikia mama yake, ndugu zake na bibi yake wakishauriana juu ya ndoto ile. Bibi wa joho la nyota alikuwa amemwahidi kwamba kwa wakati wake ataelewa yote, na wakati huo ulikuwa umefika.

Alikufa Torino tarehe 31 ya mwezi wa 1, mwaka 1888. Papa Pio wa Kumi na Mmoja alimtangaza kuwa mtakatifu siku ya Pasaka, tarehe 1 ya mwezi wa 4, mwaka 1934.

Mafundisho kwa mkatekumeno

Maandiko Matakatifu yanataja ndoto za Yosefu mwana wa Yakobo, na za Mtakatifu Yosefu mlinzi wa Yesu. Mungu aweza kusema na mtu aliyelala. Lakini Eklesia haimlazimishi mtu kusadiki ndoto za watakatifu, sembuse ndoto zake mwenyewe. Na amri ya kwanza inakataza kwenda kwa wapiga ramli.

Basi mkatekumeno akiamka na ndoto, afanye kwanza ishara ya msalaba na sala yake ya asubuhi, kisha aipitie kwa utulivu tangu mwanzo hata mwisho. Ikiwa inamvuta kwenye sala, msamaha na kazi yake, aitunze kama shauri jema, amwulize padri au katekista, asiwe na haraka. Ikiwa inamwamuru kumchukia mtu, au kumsingizia jirani uchawi, aitupe nje kama takataka za nyumba. Wengi wamefukuzwa kijijini mwao, hata kuuawa, kwa ajili ya ndoto ya mtu mwingine. Ndoto ya Becchi haikumwonyesha Yohane adui wa kumshitaki. Ilimwonyesha ngumi zake mwenyewe, ikamwomba azifungue. Na asipokumbuka ndoto yoyote, asihuzunike: amri za Mungu na Injili zinasomwa mchana, macho yakiwa wazi, nazo zatosha kwa wokovu.

Sikukuu ya Mtakatifu Yohane Bosco ni tarehe 31 ya mwezi wa 1. Siku hiyo wakatekumeni vijana wamwombee kila mtoto asiye na baba katika kijiji chao, na wamtafute mmoja wamfundishe ishara ya msalaba kwa upole.